Nani kakwambia ni ng'ombe?

Mtaani kwetu bucha ya mbuzi unaijua kwa mikia. Mbuzi ameshachunwa, kichwa hakipo, kwato hazipo, ananing'inia kwenye ndoano na ukimweka karibu na kondoo aliyechunwa wengi wetu tutababaika, lakini mkia wameuacha, na nywele zake, umesimama juu kama burashi ya rangi. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni uvivu wa mchinjaji. Kumbe ule mkia ndio lebo. Mkia wa mbuzi ni mfupi umegeuka juu, wa kondoo wetu wa huku ni mnene una mafuta unaning'inia, kwa hiyo muuza nyama akiuacha anakwambia bila kufungua mdomo kwamba huyu ni mbuzi, njoo utazame mwenyewe.

Sasa mkia unafanya kazi ukiwa umesimama mbele ya ndoano. Ukienda kwenye sambusa, kwenye soseji, kwenye mutura wa jioni pale kona (ule utumbo uliojazwa nyama na damu ukachomwa), kwenye baga iliyogandishwa kwenye friji ya supamaketi, mkia haupo, umebaki na neno la mtu tu. Na hapo ndio matatizo yote yanapoanzia.

Huku Kenya habari inajirudia kila baada ya muda: polisi wamekuta mifupa na vichwa vya punda kichakani, Naivasha ama Mwea ama Kiambu, ngozi zimeshaondoka na nyama haionekani ilikoenda. Watu wakisikia wanagawanyika palepale. Kuna anayesema ntatapika, kuna anayesema nyama ni nyama bwana punda ana makosa gani, kuna anayesema ni haramu, kuna anayeleta utani wa "ndio maana leo umeamka na nguvu", na mabishano yanakwenda mpaka usiku. Mi nimeyafuata haya mabishano miaka mingi na naona tunachanganya maswali mawili ambayo hayahusiani. La kwanza ni je, punda analiwa? La pili ni je, mbona hukuniambia? Tunabishana juu ya lile la kwanza kwa sababu ni tamu, lina dini na kabila na vichekesho, huku aliyetuuzia anatokea kwa mlango wa lile la pili na pesa yake mfukoni.

Tuanze na hilo la kwanza basi, tulimalize, maana halina mwisho ukiliacha. Waturkana wanakula punda na wamekula tangu zamani, hawajifichi wala hawaombi radhi. Bukoba senene, wale panzi wa kuliwa, ni kitu cha sikukuu, unapelekewa zawadi kwenye kifuko, kuna mtu wa Pwani nilimwonjesha akanitazama kama nimemroga. Kusini ya Tanzania huko Mtwara kuna wanaokula panya wa shambani na wanakwambia huna habari wewe. Kwa Waislamu, punda wa kufugwa amekatazwa, ni hadithi mashuhuri ya siku ya Khaibar, mwaka wa 7 Hijria, nyama ilikuwa tayari jikoni inachemka na vyungu vikamwagwa. Lakini hadithi hiyohiyo inaruhusu farasi! Ndio maana kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya watu wengi wa mwambao wetu, farasi ni halali, japo mpaka leo sijamwona mtu Mombasa akiulizia nusu kilo ya farasi. Na Wakristo wa Ulaya nao, Papa Gregory wa Tatu alimwandikia mmisionari wake Bonifasi mnamo 732 kwamba awazuie Wajerumani wasile farasi, alafu ukija Ufaransa, mwaka 1866 wakaruhusu bucha za farasi rasmi na mpaka leo zipo chache, zina kichwa cha farasi cha dhahabu kimetundikwa juu ya mlango. Hebu ona hiyo. Kichwa cha farasi juu ya mlango ni sawa tu na ule mkia wa mbuzi.

Kwa hiyo ukitafuta mnyama ambaye binadamu wote wamekubaliana haliwi, hutampata. Na sababu tunazotoa nazo hazikai sawa. Tunasema mbwa ana akili na ni rafiki, nguruwe ana akili pengine kumshinda mbwa na wanaomla hawaulizi. Tunasema punda anatufanyia kazi, kwani dume la kulima halikufanya kazi? Likizeeka linaliwa. Waliosema shukrani ya punda ni mateke walikuwa wanamlalamikia, sijui kama walifikiria upande wake yeye, anabeba maji miaka 15 alafu anaishia kuwa mutura. Msimamo wangu mimi ni kwamba kila mtu ana mstari wake, wa dini ama wa mila ama wa roho tu, na hana haja ya kunithibitishia kwa hoja. Mtu akisema "mi sili kondoo, ananinukia", imetosha, mpikie kitu kingine.

Lakini ukishakubali hivyo, umekubali na kitu kingine bila kujua: mstari wangu unafanya kazi tu kama naambiwa ukweli. Hata wanaokula kila kitu wanataka waambiwe. Wahenga walisema mla nguruwe huchagua aliyenona, na ukiitazama vizuri hiyo methali inasema mla nguruwe naye ana haki ya kuchagua, maana ameamua kula anachojua anakula.

Na huwa nawasifu sana wenzetu wa Tanzania kwa jambo moja. Nguruwe kule anaitwa kitimoto, ama mdudu, ama wakikuona hujaelewa wanakwambia mbuzi katoliki. Mgeni anaweza kudhani ni njia ya kuficha. Ni kinyume chake kabisa, hakuna mtu Dar es Salaam anayeingia kwenye baa imeandikwa kitimoto akatoka analia kwamba amedanganywa, jina ni la utani lakini ahadi ni ya kweli, Mwislamu anapita zake, anayetaka anakaa anaagiza na ndizi. Jina la utani linalojulikana na wote ni lebo nzuri kuliko karatasi yenye maandishi madogo. Sisi huku Pwani tuna shida zetu, sambusa tunaandika "sambusa za kima" na kima kwa Kiswahili ni nyama ya kusaga na pia ni nyani mdogo wa msituni. Hatujawahi kuchanganyikiwa, lakini jaribu kumfafanulia mgeni.

Haya, sasa swali la pili, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu kuna kisa kimoja ambacho kinafundisha kila kitu.

Januari 2013, mamlaka ya usalama wa chakula ya Ireland ilitoa matokeo ya vipimo vya DNA vya baga za ng'ombe kutoka madukani. Baga aina 27. Kumi zilikuwa na farasi ndani. Nyingi kidogo tu, chembe, lakini moja ya supamaketi ya Tesco ilikuwa asilimia 29 ya nyama yake ni farasi, yaani karibu theluthi. Ulaya nzima ikaamka. Waingereza hasa, maana kwa Mwingereza farasi ni karibu na mtu wa familia, ana jina, ana siku yake ya kuzaliwa. Magazeti yakapiga farasi, farasi, farasi. Lakini kwenye ripoti ileile kulikuwa na namba nyingine ambayo haikupigiwa kelele hata nusu yake: baga 23 kati ya zile 27 zilikuwa na DNA ya nguruwe. 23! Mimi nikisoma hivyo mawazo yananiruka kwa Mwislamu wa Birmingham ama Myahudi wa Dublin aliyenunua pakiti imeandikwa ng'ombe, na yeye ndiye hasa aliyevunjiwa mstari wake, lakini habari ilikuwa ni ya mpenda farasi. Unaona jinsi lile swali la kwanza linavyolimeza la pili? Na mwezi uliofuata, Februari, ikatoka kwamba mikate ya nyama iliyopelekwa magereza ya Uingereza kwa wafungwa Waislamu, yenye jina la halali, imekutwa na chembe za nguruwe. Mfungwa hachagui bucha, anakula alicholetewa.

Baadaye mwezi huohuo ikaja lazanya ya kampuni ya Findus, ile tambi ya kuoka na nyama ya kusaga, mapakiti mengine yalikuwa na farasi mpaka asilimia 100. Yaani ng'ombe hakuwemo kabisa. Na safari ya ile nyama ndiyo inayonivutia kuliko chochote. Farasi walichinjwa Romania, kwenye machinjio halali, na makaratasi yakaandikwa farasi, serikali ya Romania ilishikilia hivyo tangu mwanzo na ilikuwa sahihi. Nyama ikanunuliwa na dalali Mholanzi, Jan Fasen, kampuni yake imesajiliwa Cyprus, ikalala kwenye ghala la baridi Uholanzi, ikauzwa kusini mwa Ufaransa kwa kampuni ya Spanghero, ikatoka pale ikiwa ng'ombe, ikaenda kwa Comigel ambao kiwanda chao kiko Luxembourg, ikapikwa lazanya, ikawekwa kwenye boksi la Findus, ikavuka bahari mpaka friji la mama mmoja Uingereza anayerudi kazini saa 12 jioni amechoka hana nguvu ya kupika. Hesabu mwenyewe nchi ngapi hapo. Mkia umebaki Romania na kila aliyeipokea aliipokea na karatasi.

Na kampuni ya yule dalali ilikuwa inaitwa Draap. Ligeuze nyuma mbele: paard. Kwa Kiholanzi paard ni farasi. Sijui kama alikuwa anatucheka ama ni dhihaka yake mwenyewe, lakini ilikuwa imeandikwa pale kwenye kila risiti, wangegeuza tu herufi. Fasen alihukumiwa Paris mwaka 2019 kifungo cha miaka 2.

Kilichowafanya wafanye hivyo si chuki wala si mila, ni bei. Farasi huko alikuwa rahisi kuliko ng'ombe kwa mbali, na wote wawili ukishawasaga na ukaweka nyanya na jibini juu wanafanana. Hiyo ndiyo sheria yenyewe, na ukiijua unaweza kutabiri kesho udanganyifu utatokea wapi: tafuta nyama mbili zinazofanana zikisagwa, moja rahisi moja ghali, na umbali mrefu kati ya ndoano na sahani. Umoja wa Ulaya ulipopima bidhaa zaidi ya 4,000 baada ya hapo, 193 zilikuwa na farasi, kama 5 kwa kila 100.

Kuna waliosema basi farasi si sumu, mbona kelele. Na kweli, kulikuwa na hofu ya dawa moja ya maumivu ya farasi, phenylbutazone, ambayo hairuhusiwi kwa mnyama wa kuliwa, na mganga mkuu wa serikali ya Uingereza, Sally Davies, akatuliza watu kwamba ungehitaji kula baga 500 mpaka 600 za farasi mtupu kwa siku moja ndio ufikie dozi ya mtu. Sawa. Lakini ile dawa ilikuwa ni dalili tu. Kama hujui mnyama ni yupi, hujui alitibiwa na nini, hujui alikuwa mgonjwa, hujui hata kama alichinjwa au alikufa mwenyewe akawa kibudu. Uongo wa jina unabeba mauongo mengine yote mgongoni.

Msifikiri ni ya Wazungu tu. Mwaka huohuo wa 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch kule Afrika Kusini walichukua bidhaa 139 za nyama iliyosindikwa, soseji, kima, baga, nyama kavu, wakapima. 95 zilikuwa na kitu ambacho hakikuandikwa. Hiyo ni asilimia 68. Wanyama waliojificha zaidi walikuwa nguruwe na kuku, wakafuata wengine, mbuzi, nyati maji wa Asia, na yule rafiki yetu punda.

Na hapa ndio nataka nirudi kwa punda, kwa sababu kuna uzi unaowafunga wao na farasi ambao nilipoukuta nilicheka peke yangu. Kwenye forodha ya dunia nzima kila bidhaa ina namba. Ng'ombe aliyegandishwa ni 0202. Na 0205 ni nyama ya farasi, punda, nyumbu wa kufugwa, wote kwenye kapu moja. Ile nyama ya Romania ilisafiri na namba ya 0205, na serikali ya Ufaransa ikawauliza wale jamaa wa Spanghero kwani hamkusoma namba? Namba ilikuwa ndio mkia wao, na haikutazamwa.

Sasa punda wa kwetu ana tatizo ambalo farasi wa Ulaya hakuwa nalo: ngozi. Wachina wana kitu kinaitwa ejiao, ni gundi inayochemshwa kutoka ngozi ya punda, wanaitumia kama dawa ya kuongeza damu na siku hizi mpaka kwenye vitafunio na vipodozi. Punda wao waliisha, mwaka 1992 walikuwa kama milioni 11, leo hawafiki milioni 3. Kwa hiyo wakaja kununua kwetu. Shirika la Donkey Sanctuary lilikadiria mwaka 2019 kwamba biashara hii inahitaji ngozi kama milioni 4.8 kwa mwaka. Kenya ilikuwa imeruhusu punda achinjwe kisheria tangu 2012, na 2016 viwanda vikaanza kufunguliwa, vikaja kufika vinne, Mogotio kule Baringo, Naivasha, Machakos na Turkana. Kwa hesabu za KALRO, taasisi ya Kenya ya utafiti wa kilimo na mifugo, kati ya Aprili 2016 na Desemba 2018 vilichinja punda kama laki 3.

Mtu mwenye hesabu za mbuzi atasema si fuga wengine, biashara ni biashara. Haiwezekani, na hii ndiyo sehemu watu hawaielewi. Mbuzi anabeba mimba miezi 5 na mara nyingi anazaa mapacha, mwaka haujaisha una kundi. Punda anabeba mimba mwaka mzima, wakati mwingine zaidi, anazaa mmoja, na yule mtoto inachukua miaka mpaka aweze kubeba ama kuzaa. Ukichinja kwa kasi ya kiwanda huwezi kuzaliana kwa kasi hiyo. Kwa hiyo viwanda vinamaliza waliopo alafu watu wanaanza kuiba. Na waliokuwa wanaibiwa ni akina mama wa maji, wenye punda mmoja ambaye ndiye gari lao, ndiye mkokoteni, ndiye karo ya shule, asubuhi wanakuta kwato na kichwa kichakani. Wenye punda waliandamana Nairobi, na Februari 2020 Waziri wa Kilimo Peter Munya akapiga marufuku. Mwenye kiwanda kimoja akaenda kortini, na Mei 2021 Mahakama Kuu ikatengua marufuku. Tanzania nayo ilizuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi, Desemba 2022 mkutano wa Afrika kuhusu punda ukafanyika Dar es Salaam ukataka kusimamishwa kwa miaka 15, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walipokutana Addis Ababa wakakubaliana kuzuia bara zima.

Lakini tuangalie ngozi inafanyaje kwa nyama, maana hapo ndipo lebo inapofia. Siku za kawaida mtu anachinja mnyama kwa ajili ya nyama, ngozi ni nyongeza. Hapa imegeuka, ngozi ndiyo pesa, nyama ni taka. Mwizi wa ngozi usiku ana haraka, hataki kubeba kilo mia. Akiiacha inaoza. Akipata mtu wa kumpa chochote, hata bei ya chai, ni faida. Na huyo mtu wa kuipokea hawezi kuiuza kama punda kwa sababu Naivasha hakuna foleni ya wanunuzi wa punda, kwa hiyo inabidi iwe ng'ombe. Nyama ya bure inatafuta jina. Hii ni ileile hesabu ya Draap, tofauti ni kwamba huku hakuna haja hata ya karatasi, pikipiki na gunia vinatosha.

Jamaa wananiambia, mbona kuna muhuri? Ndio upo, na ni kitu kizuri, ule wino wa buluu ama zambarau unaouona kwenye paja la ng'ombe. Lakini tujue unasema nini. Mkaguzi amesimama machinjioni, amemwona mnyama kabla na baada, ametazama ini na moyo na ulimi na matezi, ametafuta minyoo ya tegu, amehakikisha hana kimeta, akapiga muhuri. Muhuri unasema huyu mnyama mzima, palepale, alikaguliwa. Hausemi chochote kuhusu kile kipande cha nusu kilo kisicho na wino kilichotoka chini ya meza. Muhuri upo juu ya ngozi ya nje ya nyama, ukikata mara tatu umeshapotea. Mi nimewahi kununua nyama bucha moja, sitaitaja, muhuri ulikuwa mzuri kabisa kwenye kipande kikubwa kilichotundikwa dirishani, na nikarudi baada ya siku nne nikakikuta kipande kilekile kimetundikwa palepale. Walikuwa wanauza nini hizo siku nne? Sijarudi.

DNA ni kitu kingine. Ile inasoma mnyama mwenyewe, hata ikiwa imesagwa, imepikwa, imetiwa bizari. Maabara inachukua chembe, inatafuta vipande vya vinasaba ambavyo ng'ombe anavyo na punda hana, inavizidisha mara mamilioni mpaka vionekane. Tatizo lake ni kwamba ni kali mno. Ukisaga mbuzi alafu usioshe mashine vizuri ukasaga ng'ombe, itakwambia kuna mbuzi. Ndio maana Ulaya walikubaliana na kipimo cha asilimia 1, chini ya hapo wanachukulia ni uchafu wa mashine, juu ya hapo kuna mtu amefanya makusudi. Kwa kiwanda inaeleweka. Kwa Mwislamu na nguruwe asilimia 1 ni nyingi sana, na huo ni ubishi ambao wanasayansi hawawezi kuumaliza kwa sababu si wa kisayansi.

Na neno halali lenyewe ni lebo mbili ndani ya moja, watu wanasahau. Linasema mnyama ni yule anayeruhusiwa, na linasema amechinjwa inavyotakiwa, na nani. Ng'ombe wa kibudu ni ng'ombe kweli, DNA itamsafisha kabisa, na bado si halali. Hakuna maabara itakayokwambia kama jina la Mungu lilitajwa. Hapo unarudi kumwamini mtu. Na kumwamini mtu si jambo dogo, Februari 2013, wakati Wazungu wanagombana na lazanya yao, huko Buseresere mkoa wa Geita ugomvi wa nani ana haki ya kuchinja, Waislamu peke yao ama Wakristo nao wawe na bucha zao, ulifika mpaka mchungaji akauawa. Mnyama hakuwa na ubishi, wote wanajua ni ng'ombe. Nimesoma makala nyingi za lebo za chakula na hakuna inayogusa kisa hicho, na kwangu ndicho kizito kuliko vyote, kwa sababu njia ya kutoka ilikuwa nyepesi: kila bucha iandike waziwazi mchinjaji ni nani, anayetaka hii aende hii na anayetaka ile aende ile. Mbuzi katoliki style.

Kwa hiyo mtu akiniuliza mi nafanyaje, jibu langu si la kishujaa. Nanunua nyama yenye mfupa nikiweza, maana mfupa ni mgumu kudanganya. Nyama ikiwa rahisi kuliko mtaa mzima siulizi kwa nini, naondoka. Soseji na baga nimepunguza, sambusa za stendi nimeacha, hiyo imeniuma kidogo maana zilikuwa tamu.

Na kima sinunui iliyosagwa tayari. Kuna ami mmoja ana bucha karibu na msikiti, mzee wa watu, nachagua kipande kwenye ndoano nakionyesha kwa kidole, anakikata mbele yangu, anakitia kwenye mashine nikiwa nimesimama palepale. Juzi nikamwuliza, ami, hii inayotoka mwanzo, hii ya kwanzakwanza, ni yangu? Akacheka. "Hapana mwanangu, hiyo ya mwanzo ni ya yule mama aliyetoka sasa hivi." Alikuwa amesaga nini? "Mbuzi." Nikatazama ile mashine, nikatazama kile kifuko changu cha ng'ombe, nikapiga hesabu ya asilimia 1 kwa nusu kilo, ikaja gramu 5, kama kijiko cha chai. Nikalipa nikaenda zangu kupika.